Kisa cha Zawadi: PF3, baraza la ndoa na siku ya kuondoka

Zawadi ana miaka 31. Anauza samaki wa kukaanga Mbagala Rangi Tatu, mumewe ni fundi magari. Walifunga ndoa mwaka 2014, wana watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Wanaishi Chamazi katika nyumba ya vyumba vitatu waliyoijenga wenyewe. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 2016 kwa hati ya mauziano iliyopigwa mhuri na serikali ya mtaa, na jina lililoandikwa ni la mume peke yake. Jina la Zawadi si la mtu halisi. Kisa hiki kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika mashauri ya aina hii Tanzania Bara, ili kila hatua ionekane mahali pake.

Kipigo hakikuanza jana. Kwa miaka kadhaa mume alikuwa akikagua simu yake kila jioni na kuhesabu fedha za samaki. Februari alimvunja kidole, na Zawadi alipofika zahanati akamwambia muuguzi ameanguka bafuni. Juni, Jumamosi saa 4 usiku, mume alimkaba kwa mikono miwili mpaka akajikojolea, kisha akampiga kwa mguu wa stuli na kuvunja mkono wa kushoto. Maneno yake yalisikika hadi kwa jirani: "Nitakuua, na hakuna atakayeuliza."

Ndugu walipokusanyika Jumapili asubuhi, wote waliuangalia mkono, kwa sababu ndio uliovimba. Kilichopaswa kuwatisha zaidi ni shingo.

Mtu aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja ya nje. Dalili ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoadoa vyekundu ndani ya macho au nyuma ya masikio, kujikojolea, na kutokumbuka sehemu ya tukio. Uvimbe wa koo au jeraha la mshipa mkubwa wa damu shingoni vinaweza kumuua mtu saa nyingi baadaye, hata baada ya siku kadhaa, akiwa ameshasema amepona. Kwa hiyo aliyekabwa aende hospitali usiku ule ule, na amwambie daktari waziwazi: nilikabwa, kwa mikono, nilipoteza fahamu au sikupoteza. Zaidi ya hapo, mwanamume aliyemkaba mkewe mara moja yuko katika kundi la wanaoweza kuua. Ukijumlisha na tishio la kuua, wivu wa kufuatilia kila hatua na kipigo kinachozidi kila mara, huu si ugomvi wa kumalizwa kwa kikao cha wazee. Tunalisema mapema kwa sababu kila uamuzi unaofuata unategemea jambo hili.

Saa za mwanzo

Zawadi alikwenda kituo cha polisi kwanza, akaelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto, akafunguliwa jalada na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, pamoja na PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Huo ndio utaratibu wa kawaida, na vyote viwili ni bure. Aliyejeruhiwa vibaya, anayetoka damu au anayepumua kwa shida aanzie hospitali. PF3 inaweza kufuatwa na ndugu wakati matibabu yanaendelea. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Amana, huweka daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, na hilo humwokolea mwathirika safari za kuzunguka na mkono uliovunjika.

PF3 ni karatasi ndogo inayobeba kesi nzima. Daktari huandika aina ya jeraha, kitu kilichoweza kulisababisha, na kiwango cha madhara. Zawadi aliandikiwa "maumivu ya mkono wa kushoto" kabla picha ya eksirei haijatoka, na shingo haikutajwa kabisa. Kama fomu ingerudi polisi hivyo, mashtaka yangekuwa ya shambulio la kawaida chini ya kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu. Eksirei ilipoonyesha mfupa umevunjika alirudi kwa daktari yule yule, akaomba fomu ikamilishwe: mfupa, shingo, sauti, macho. Mashtaka yakapanda hadi kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Kwa madhara makubwa zaidi kuna kifungu cha 225, kinachofika miaka 7.

Watu wengi huona tofauti ya 240 na 241 kuwa mambo ya mawakili, lakini uzito wake ni huu: kwa shambulio la kawaida na makosa mengine ya mtu na mtu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuwahimiza wahusika wapatane, kwa fidia au masharti mengine, kesi ikaisha. Mlango huo ukiwa wazi, ukoo wote utaupitia. Watakuja na laki mbili, na mbuzi, na shangazi wa kulia. Shtaka likiandikwa kwa uzito wake halisi, mlango unabaki mwembamba.

Kabla ya kurudisha PF3, piga picha pande zote mbili. Nakala moja ikae kwa mtu mwingine, kwa sababu fomu hupotea, na ikipotea kesi hudhoofika vibaya. Majeraha nayo yapigwe picha siku ya kwanza, kisha tena siku ya pili na ya tatu, maana michubuko hukolea rangi baadaye. Nguo zenye damu ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Kama kipigo kilikuwa na kulazimishwa tendo la ndoa, saa zina thamani kubwa zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina maana ndani ya siku 5. Kwa upande wa sheria kuna ukweli mchungu: Kanuni ya Adhabu ya Bara inahesabu kumwingilia mke bila ridhaa kuwa ubakaji pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana. Ukweli huo utarudi tutakapofika kwenye aina ya shauri la kufungua.

Maelezo ya polisi

Afisa wa dawati aliandika maelezo ya Zawadi kwa mkono, kurasa tatu. Kabla ya kusaini alisomewa, akagundua imeandikwa mkono wa kulia. Akaomba irekebishwe. Kosa dogo la namna hiyo ndilo wakili wa utetezi hulisubiri: maelezo yanasema kulia, PF3 inasema kushoto, shahidi mahakamani anasema kushoto, basi shahidi ni mwongo. Soma, au somewa, mstari kwa mstari: tarehe, saa, kitu kilichotumika, mkono upi, nani alisikia.

Je, ile ya bafuni Februari? Iko kwenye daftari la zahanati na upande wa pili unaweza kuitoa. Dawa yake ni kuisema mwenyewe kwenye maelezo: nilidanganya kwa sababu mume alikuwa amesimama mlangoni. Mahakimu wameshasikia sababu hiyo mara nyingi, na uongo uliotajwa mapema na aliyeusema hauna makali ya uongo ulioibuliwa na mpinzani.

Jirani aliyesikia tishio la kuua aliandikisha maelezo yake wiki ile ile. Ukimwacha jirani mwezi mzima, atakuwa ameshatembelewa na upande wa mume.

Jambo jingine ambalo ndugu hawalielewi: kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Zawadi ni shahidi, hana uwezo wa kuifuta kwa kusema amesamehe. Na ingawa kwa kawaida mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kosa linapokuwa dhidi ya mwili wake mwenyewe Sheria ya Ushahidi inaruhusu aitwe na kulazimika kusema. Mwambieni ndugu hivyo hasa: "Si mimi tena, ni Jamhuri." Sentensi hiyo imewapunguzia wanawake wengi presha ya vikao vya nyumbani.

Hakuna amri moja ya ulinzi, kuna kamba tatu

Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayomwezesha mwathirika kuomba mahakamani amri ya ulinzi, hata ya muda kabla mshtakiwa hajasikilizwa. Tanzania Bara haina sheria ya namna hiyo. Mtu akikuambia Chamazi "nenda ukachukue amri ya ulinzi" anakupeleka kwenye dirisha lisilokuwepo. Kinachowezekana ni kuunganisha kamba tatu, na hakuna ofisi itakayokuunganishia.

Ya kwanza ni masharti ya dhamana. Makosa ya 240 na 241 yana dhamana, na polisi hawapaswi kumshikilia mtuhumiwa zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mahakamani au kumwachia kwa dhamana. Maana yake, mume aliyekamatwa Jumapili anaweza kuwa mlangoni Jumatatu. Zawadi alimwomba mpelelezi, na baadaye mwendesha mashtaka, waombe sharti la kutomkaribia yeye, nyumba anamolala na shule ya watoto. Lisipoombwa, mara nyingi haliwekwi. Likivunjwa, taarifa iende kwa mpelelezi siku hiyo hiyo, kwa RB ile ile, na mahakama iombwe kufuta dhamana.

Ya pili ni dhamana ya kutunza amani. Hakimu akielezwa kwa kiapo kwamba mtu yuko karibu kuvunja amani, anaweza kumtaka mtu huyo aahidi kwa maandishi, pamoja na wadhamini, kwamba atatulia. Hutumika mara chache kwa sababu waombaji hawaijui, na ni ya manufaa hasa pale kipigo kipya hakijatokea ila vitisho vipo.

Ya tatu iko ndani ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Shauri la ndoa likishafunguliwa, mahakama inaweza kumzuia mwanandoa asimlazimishe mwenzake kuwa naye na asimsumbue. Ombi hili liwekwe pamoja na shauri, lisingoje hukumu.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mume wa Zawadi, kama wengi, aliamini anayo.

Kuondoka

Wiki zinazofuata kuondoka ndizo za hatari zaidi kuliko zote zilizopita. Mwanamume aliyezoea kutawala anapoona utawala umemtoka, ndipo hutimiza alichokuwa akitishia. Hatumwambii mtu abaki. Tunamwambia aondoke kwa mpango, bila kutangaza.

Mume hutoka kwenda gereji saa 1 asubuhi. Zawadi alipanga saa 3, siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni ili awapitie huko moja kwa moja. Dereva wa bajaji alikuwa mtu wa kanisa la dada yake, si kijana wa kijiweni anayefahamiana na mume. Mkoba ulikuwa umeshahamishwa kidogokidogo hadi kwa mteja mmoja wa samaki: kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kadi ya bima, picha ya PF3, picha ya hati ya kiwanja, madaftari ya kikoba, dawa, sare za shule, na fedha taslimu za nauli na chakula cha wiki mbili. Hati halisi ya kiwanja aliiacha mahali pake, kwa kuwa kuikosa ndiko kungemshtua mume kabla ya siku.

Hakwenda kwa mama yake Kongowe. Kila mtu angeanza kumtafuta huko, na mama mwenyewe hawezi kusimama mlangoni na kumkatalia mkwe. Nyumba salama ni chache nchini, na njia ya kuzifikia ni dawati la polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Alikaa kwa rafiki Kibaha ambaye mume hajawahi kumwona.

Wakati wa kungoja siku hiyo, kama ugomvi ukilipuka, kaa mbali na jiko na bafu. Jikoni kuna visu na mafuta ya moto, bafuni hakuna mlango wa pili. Mtoto mkubwa afundishwe neno moja la kumwambia jirani, na asijiingize katikati. Namba 112 ni ya polisi, na 116 husaidia watoto, zote bila malipo.

Kosa lilitokea siku ya tano. Zawadi alirudi Chamazi peke yake kuchukua karai na jiko la biashara, akidhani mume yuko kazini. Alikuwepo. Alinusurika kwa sababu fundi seremala wa jirani aliingia. Vitu vinafuatwa ukiwa na askari wa dawati au mjumbe wa mtaa, kwa orodha iliyoandikwa, na wewe mwenyewe ubaki barabarani. Biashara isiyoweza kungoja inaanzishwa kwa karai la kuazima.

Simu ilikuwa tundu jingine. Laini yake ilisajiliwa kwa NIDA ya mume, hivyo mume angeweza kuirudisha kwake kwa kwenda dukani tu, pamoja na fedha zilizomo. Alisajili laini mpya kwa alama zake mwenyewe za vidole, akahamisha salio siku ya kuondoka. Kwenye WhatsApp aliangalia vifaa vilivyounganishwa, akakuta kimoja asichokijua. Akabadilisha nywila ya barua pepe akiwa kwenye simu ya mtu mwingine, akazima kushiriki mahali alipo. Jumbe za vitisho hakuzifuta. Picha ya ujumbe iwe na namba na tarehe, na simu yenyewe itunzwe, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo ila mahakama itataka kujua ulitunzwaje. Ujumbe wa mume wa Jumatatu, "nisamehe mke wangu, ni shetani", pamoja na fedha alizotuma "za POP", yaani plasta ya mkono uliovunjika, ulikuwa na uzito kuliko vitisho vyote, kwa kuwa ni kama kukiri.

Baraza, kutengana, talaka

Mwezi wa pili Zawadi alitaka talaka. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la jumuiya ya dini, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Alipata barua yenye mhuri isemayo "tumewaruhusu waende mahakamani". Barua hiyo haitoshi. Kinachotakiwa ni hati ya baraza katika fomu yake rasmi, Fomu Na. 3, ikionyesha kwamba wote wawili walisikilizwa, au mmoja aliitwa akakataa kuja, na kwamba usuluhishi umeshindikana. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mashauri ya talaka yaliyokwisha ngazi za chini kwa sababu ya hati mbovu. Miaka ya kazi ikaanza upya.

Kwa aliyekabwa, kuketi baraza moja na aliyemkaba ni hatari. Aombe asikilizwe kwa zamu, afike na kuondoka kwa saa tofauti. Sheria pia inaruhusu kuruka baraza mume anapoitwa akagoma kufika, na pale mahakama inaporidhika kwamba mazingira si ya kawaida na usuluhishi hauwezekani. Ombi la mwisho hili liambatane na PF3 na hati ya mashtaka.

Sharti la baraza linahusu talaka. Amri ya kutengana haimo. Hii ndiyo njia tunayoiona inatumika kidogo kuliko inavyostahili: kufungua kwanza shauri la kutengana, kwa msingi wa ukatili, pamoja na maombi ya zuio, watoto na matunzo. Mahakama inaweza kugawa mali hata kwenye kutengana. Na amri hiyo inabadilisha hali tuliyoitaja juu: mume aliyetengana na mkewe akimwingilia bila ridhaa, hilo ni kosa la ubakaji, bila mjadala kama wametengana kweli au la.

Zawadi alifungua shauri Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachoshughulikia mashauri ya ndoa na mirathi, kwa hati iliyoandaliwa bure na watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Utetezi wa mume ulikuwa kwamba mke ametoroka. Hofu hiyo huwaweka wengi ndani ya nyumba za vipigo, na haina msingi: kutelekeza kunakotajwa na sheria kama dalili ya ndoa kuvunjika ni kwa hiari na kwa angalau miaka 3, si kukimbia kipigo.

Nyumba ilikuwa na kazi zaidi. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa ardhi yenye hati miliki, zuio huandikishwa kwa msajili. Kiwanja cha Chamazi hakina hati ya aina hiyo, mauzo yake hupita kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo Zawadi alimwandikia mwenyekiti na mtendaji barua yenye nakala ya shauri, akagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Kwenye mgawo, kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani ni mchango. Mchango wa fedha unahitaji karatasi: madaftari ya kikoba yalionyesha mkopo aliochukua mwezi ule ule yaliponunuliwa mabati.

Kwa mtoto wa miaka 4 sheria inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 anafaa kuwa na mama, ingawa inaweza kupingwa. Wa miaka 9 husikilizwa matakwa yake. Mahakama iliwaweka wote kwa mama, baba awaone Jumamosi mbili kwa mwezi. Makabidhiano yaliandikwa yafanyike ofisi ya ustawi wa jamii, na mwalimu mkuu akapewa nakala ya amri ili asimkabidhi mtoto kwa shangazi yeyote anayekuja getini. Matunzo yalipangwa kwa mwezi, yalipwe kwa simu ili kila malipo yawe na kumbukumbu. Mwezi wa tatu mume aliacha kulipa. Hapo hapigiwi simu wala hafuatwi gereji. Zawadi alirudi mahakama ile ile na orodha ya miamala, akaomba kukazia hukumu.